Naendelea

Nilikata mimi. Nianze hapo,
kabla hujaniuliza nani.

Mkutano wa mtaa, Jumamosi, uwanja wa shule, Makorora.
Ajenda: bomba. Na mengineyo.
Mjomba Mhando akanyoosha mkono wenye grisi
(alikuwa ametoka kuziba pancha ya mtu),
akapewa maiki, maiki ikapiga mluzi
wa paka aliyekanyagwa mkia,
mjomba akaruka nyuma, akatafuta kiti kwa makalio,
kiti hakipo, mjumbe kakivuta amkalishe mkwewe,
pwaa! chini, kofia upande, ndara moja hewani,
maiki bado mdomoni,
na kutoka kule vumbini, kwa utulivu wa karani asomaye kumbukumbu:
"Naendelea."

Sekunde saba.
Nikazirusha kwenye kundi la ukoo, tucheke watu kumi na wanane.

Kabla ya magharibi binamu wa Muheza kawapelekea wenzake wa bodaboda.
Usiku wa manane mtu wa Korogwe, simjui, hanijui,
katia ngoma chini yake:
na-e-nde, na-e-nde, na-e-nde-le-a,
mjomba anaanguka, anainuka kinyumenyume, anaanguka,
juu chini kama pampu yake mwenyewe.
Timu imefungwa nne: Naendelea.
Umeme umekatika: Naendelea.
Bwana harusi kasahau jina la bibi harusi: Naendelea.
Mombasa wakamvika miwani. Bujumbura wakampachika mabawa.
Mtoto mmoja wa Lubumbashi kaanguka makusudi toka juu ya tairi,
kalisema kwa lafudhi yao ile ya kuvuta,
na wanaomwiga yeye
hawajui kama kuna wa kwanza.

Bibi hakushangaa.
"Kwani maneno ya kanga nani aliyasema?
Mwanamke alimrushia jirani neno uani, akafunga mlango.
Leo neno limo viunoni mwa watu elfu,
ugomvi wenyewe haupo, na jirani hayupo."
Akarudi kupepeta mchele.

Na mjomba? Mjomba ana kitochi.
Hajaona kitu.
Anachoona ni kwamba mji umeshika adabu.
Watoto wa shule wakipita kibandani: "Mzee, naendelea!"
Naye, spana mkononi, hainui hata kichwa:
"Endeleeni, wanangu. Hata mie naendelea, alhamdulillahi."
Wanavunjika mbavu. Yeye anadhani ni furaha ya kuitikiwa.
Ananiambia: "Tanga imerudi ile ya zamani. Watu wanajuliana hali."

Ninayo yote simuni, dakika tatu na sekunde arobaini.
Baada ya ile ya saba anainuka, anapangusa suruali,
anauliza. Swali la hesabu:
bomba lina miezi kumi na moja kavu,
mchango ulikuwa elfu tano kwa kaya, kaya mia mbili na kumi,
"naomba nielezwe milioni moja na elfu hamsini zilipita wapi,
maana maji hayakupita kwetu."
Mwenyekiti anatazama saa. Watu bado wanacheka,
na kicheko cha karibu zaidi na simu
ni changu.

Hiyo nayo niliituma, baadaye, kundini mule mule.
Waliifungua watatu.
Mmoja akauliza: anaanguka dakika ya ngapi?

Juzi mjomba kaja na kifurushi cha gazeti:
doti mpya ya mkewe Mwanamkuu, nyekundu, korosho pembeni.
Akaikunjua mezani, akasoma kwa kidole, polepole,
kama hati ya kiwanja:
NAENDELEA, WEWE JE?
"Maneno ya hekima haya," akasema. "Sikuomba hata punguzo.
Sijui nani kayatunga."

Bibi akanitazama juu ya ungo.
Nikachukua ndoo, nikasema naenda mara moja bombani.

"Bomba lipi?" akauliza mjomba.